Nani akuze picha: deki, amplifaya au tivii?

Mwezi uliopita niliitwa Mikocheni kwa mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye watoto wake walikuwa wamemnunulia tivii ya 4K ya inchi 55. Nilidhani naenda kuifunga ukutani. Kumbe ilishafungwa, tena vizuri. Mzee aliweka kwenye deki DVD ya harusi ya binti yake wa kwanza, ya mwaka 2004, akaniambia, "Mwanangu, hebu tazama mwenyewe. Kwenye ile tivii yangu ya chogo nilikuwa naona watu. Hapa naona vivuli."

Alisema kweli. Nyuso zilikuwa kama zimepakwa nta. Kila anayetembea alikuwa na meno ya kitana ubavuni. Akina mama waliojipanga mlangoni kumpokea bibi harusi walikuwa wamevaa sare ya kanga, na kanga zenyewe zilichemka kama uji. Maandishi yake hayakusomeka hata kidogo. Mzee alisema yameandikwa hivi, mkewe akasema hapana, yameandikwa vile, na nikatambua kuwa ubishi huo haukuanza siku hiyo.

Saa mbili baadaye kanga ilisomeka. Sikubadilisha kifaa hata kimoja. Niliamua tu ni kifaa kipi kikuze picha, vingine nikavitoa kwenye kazi hiyo. Naandika nilivyofanya kwa sababu nyumba nyingi ninazoingia zina tatizo hilohilo, na wenye nyumba wanakimbilia dukani kabla hawajafungua menyu.

Kukuza hakukwepeki

DVD yetu ya mfumo wa PAL, ule wa tivii uliotumika kwetu, ina nukta 720 kwa upana na 576 kwa wima, jumla 414,720. Kioo cha 4K kina 3840 kwa 2160, yaani nukta 8,294,400. Gawanya upate jibu: mara 20 kamili. Kioo hakiwezi kuacha nukta tupu, kwa hiyo DVD ikijaza kioo kizima, katika kila nukta 20 unazoziona ni moja tu iliyotoka kwenye diski. Zile 19 zimekadiriwa na chipu fulani njiani. Hata picha ya HD kamili, 1920 kwa 1080, ni robo tu ya kioo hicho. Kukuza kutafanyika utake usitake. Unachoweza kuchagua ni chipu ya kifaa kipi ifanye hesabu hiyo.

Kabla ya kukuza kuna kazi nyingine ambayo wauzaji hawaitaji kabisa, nayo kwa picha zetu za zamani ndiyo nzito zaidi. Matangazo ya PAL, na kamera za harusi za enzi hizo, hazikurekodi picha nzima kwa mpigo mmoja. Zilirekodi nusu-picha 50 kwa sekunde: zamu moja mistari witiri, zamu nyingine mistari shufwa, zikipokezana. Tivii ya chogo nayo ilichora kwa zamu hivyohivyo, basi mambo yakaenda sawa. Kioo bapa huchora picha nzima, kwa hiyo lazima pawepo kifaa cha kuzifuma nusu hizo mbili ziwe moja.

Kitu kikiwa kimetulia, kufuma ni rahisi, na unapata mistari yote 576. Kikiwa kinatembea, nusu ya pili ilirekodiwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde baadaye na mkono umeshasogea. Ukifuma hovyo hapo ndipo meno ya kitana yanapotokea. Chipu dhaifu ina njia yake ya mkato: inatupa nusu moja na kuinyoosha iliyobaki ijaze nafasi. Meno yanaondoka, lakini umebaki na mistari 288, na maandishi madogo yamekwenda na ile nusu iliyotupwa. Chipu nzuri hukagua kila eneo la picha peke yake. Penye utulivu inafuma, penye mwendo inakadiria.

Kwa mzee, deki ilikuwa imewekwa itoe picha ya 1080. Ilifuma vibaya, mara ikiacha meno, mara ikitupa nusu-picha moja, kisha ikakuza. Picha ikapita kwenye amplifaya ya sinema, hii ya spika tano na sabufa, nayo mtu aliiweka ikuze kila kitu hadi 4K na kukaza kingo. Ikafika kwenye tivii iliyobaki katika mpangilio wa dukani, ule wa kung'ara sana, nayo ikakaza kingo mara ya pili na "kusafisha" chenga ambazo nyingine zilikuwa ngozi za watu. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kosa la kifaa cha kwanza linakuzwa na cha pili, na mistari ambayo deki imeshaitupa hakuna tivii itakayoirudisha, hata iwe ya mamilioni.

Kwa hiyo mimi hufanya hivi: picha isafiri mbichi hadi kwenye kifaa chenye chipu bora kuliko vingine, ifumwe hapo, ikuzwe hapo, mara moja.

Anza na tivii

Kifaa hicho kwa nyumba nyingi ni tivii yenyewe. Sisemi hivyo kwa kuipendelea. Tivii ya 4K tangu iwashwe hadi izimwe inakuza, kwa kuwa sehemu kubwa ya inachoonyesha haikurekodiwa kwa 4K, na watengenezaji wakubwa wameweka nguvu zao hapo. Deki ya DVD ya bei ya kawaida haikuwekewa chipu ya namna hiyo.

Kuna sababu ya pili, nayo ni waya. Kupeleka 4K kwa fremu (picha nzima) 60 kwa sekunde kunahitaji HDMI, ule waya wa picha na sauti, ya toleo la 2.0, inayobeba hadi gigabiti 18 kwa sekunde. Toleo la 1.4 linaishia gigabiti 10.2, na 4K yake haizidi fremu 30. Picha ya 1080 kwa fremu 60 haifiki hata gigabiti 5. Ukikuza mwanzoni mwa safari, waya wote unabebeshwa mzigo ambao, kwa DVD, 19 kati ya 20 ni makadirio. Nimefukua kuta za watu kwa sababu ya picha inayozimika kila dakika mbili, kumbe waya uliozikwa ndani ulikuwa unabeba 1080 bila shida yoyote. Kifaa kikishushwa kitoe 1080 na tivii ikaachiwa kukuza, ukuta haubomolewi.

Ubaguzi upo. Tivii ya bei ya chini sana, hasa zile ambazo jina limebandikwa tu mbele, inaweza kuwa na chipu mbovu kuliko ya kifaa unachoiunganishia. Na tivii yoyote ikiwa katika hali ya michezo hupunguza kazi zake za picha ili kijiti cha PlayStation kijibu haraka. Hilo ni sawa kwa PlayStation. Mjukuu wa mzee alikuwa ameiacha hali hiyo kwenye tundu lilelile analochomeka deki, nami nilipoteza dakika 20 nzima kabla ya kuliona. Angalia hilo mwanzo kabisa.

Deki, laptopu na visanduku

Kifaa cha kwanza kwenye mnyororo kina faida moja ambayo vingine havina: kinaliona faili lenyewe pamoja na alama zake, kwa hiyo kinaweza kujua kama hii ilikuwa filamu iliyopigwa kwa fremu nzima au ni nusu-picha za kamera ya video. Deki nzuri ya Blu-ray ya 4K hutumia faida hiyo vizuri. Nvidia Shield TV ya mwaka 2019 ina njia yake ya kukuza picha za 720 na 1080 kwa akili bandia, na kwa filamu naipenda, ingawa kwenye nyuso za video za zamani huwa naipunguza nguvu.

Laptopu isidharauliwe. Programu ya video ya VLC ina sehemu ya kufuma mistari kwenye menyu ya video. Chagua Yadif yenye 2x, si Yadif tupu, maana 2x inakupa picha 50 kwa sekunde na mwendo wa watu unabaki laini kama ulivyorekodiwa. Nimeona laptopu ya zamani ikishinda deki mpya kwa kazi hiyo.

Kwenye visanduku vya Android nakuomba uwe makini na jambo moja zaidi ya yote, nalo si ukubwa wa picha. Vingi huja vimewekwa vitoe picha 60 kwa sekunde. Matangazo yetu, DVD zetu na kamera zetu za zamani ni 50 au 25. Ukilazimisha 50 iingie kwenye 60, baadhi ya picha lazima zirudiwe, na mpira unaokwenda pembeni unaonekana kujikwaa. Watu hulaumu intaneti au tivii. Ingia kwenye mpangilio wa kioo, weka 50, au washa ile sehemu inayofuata kasi ya faili lenyewe kama ipo. Ukiwa humo humo, zima HDR (mfumo wa mng'ao na rangi pana zaidi) ya kulazimisha. Harusi ya 2004 haina HDR, na ukiilazimisha, nyuso zinageuka rangi.

Amplifaya iwe mlango tu

Sauti iachie amplifaya. Picha ipite kama ilivyoingia. Kwenye menyu tafuta Bypass, Direct au Pass-through, jina linategemea mtengenezaji. Chipu ya picha iliyomo ndani mara nyingi ni ya umri wa amplifaya yenyewe, na watu huishi na amplifaya moja miaka mingi huku wakibadilisha tivii.

Mahali pekee ninapoiruhusu ikuze ni kwenye deki ya kanda za VHS. Tivii mpya nyingi hazina tena yale matundu matatu, njano, nyekundu na nyeupe. Amplifaya yenye matundu hayo inaweza kupokea ule waya wa njano na kuugeuza HDMI. Hapo huna njia nyingine, basi iambie itoe kiwango cha chini kabisa ilicho nacho, mengine yafanywe na tivii.

Kama amplifaya ni ya zamani na kisanduku chako cha 4K kinatoa kioo cheusi kikipitia humo lakini kinaonyesha kikienda moja kwa moja, mara nyingi tatizo ni HDCP 2.2, ule ulinzi wa picha za 4K ambao amplifaya za zamani hazina. Chomeka kisanduku kwenye tivii, kisha sauti irudi kwenye amplifaya kwa tundu la HDMI lenye alama ya ARC. Usinunue amplifaya mpya kwa ajili ya hilo.

King'amuzi

Chaneli nyingi bado zinarushwa kwa ubora wa kawaida, za michezo ndizo zenye HD. Ving'amuzi vingine vina mpangilio wa kutoa kila chaneli kama ilivyorushwa. Huo ndio ninaoutaka, japo kioo huwa cheusi kwa sekunde moja au mbili kila unapohama chaneli kwa sababu tivii inajipanga upya. Familia nyingine haziuvumilii weusi huo, nami siwalazimishi. Kama ni hivyo, au kama king'amuzi chako hakina mpangilio huo, jaribu 1080i (nusu-picha) na 1080p (picha nzima) ukitazama mpira, ubaki na ile ambayo mistari ya uwanja imenyooka bila kumetameta kamera inapozunguka.

Wenye vibanda umiza, projekta nyingi za bei nafuu zimeandikwa 4K kwenye boksi, lakini maana yake ni kwamba zinaipokea 4K. Kioo chake cha ndani unaweza kukuta ni 1280 kwa 720. Ukiipelekea 4K inaibana tena hadi 720, mara nyingi vibaya. Tafuta kwenye karatasi ya maelezo kiwango cha kioo chenyewe, kisha king'amuzi kitoe hichohicho.

Kupima kwa macho

Safisha meza kwanza. Kwenye tivii chagua hali ya sinema, zima kazi zote za kusafisha chenga na kulainisha mwendo, shusha mstari ulioandikwa Sharpness mpaka ule ukungu mweupe unaozunguka maandishi uondoke. Weka kioo kionyeshe picha bila kukata kingo. Kwenye LG panaitwa Just Scan, kwingine utakuta jina jingine. Halafu bonyeza kitufe cha info kwenye rimoti uone tivii inapokea nini hasa. Ikisema 1080p wakati umeweka DVD, kuna kifaa kimeshakuza nyuma yako.

Chagua sekunde 20 za kitu unachokijua kwa moyo. Usichukue zile video za maonyesho zenye maua na tembo, kwa sababu hizo zinapendeza popote. Mimi nilichukua mlango wa harusi: akina mama wamesimama, kisha wanacheza, kisha kamera inageukia paa la makuti. Kwa wenye mpira, maandishi yanayotembea chini ya taarifa ya habari na mistari ya uwanja yanatosha. Tazama maandishi kama yana kivuli cheupe. Tazama mistari ya mshazari kama ina ngazi. Tazama mashavu kama bado ni ngozi.

Kisha hamisha kazi ya kukuza, kifaa kimoja kwa wakati mmoja. Kwa mzee nilipitisha amplifaya bila kuguswa, halafu deki nikaiweka 1080p, nikaishusha 576p, mwisho 576i. Herufi hiyo ya mwisho ina uzito: p maana yake deki imeshafuma, i maana yake inapeleka nusu-picha zilivyo na tivii ndiyo itafuma. Deki nyingi kwenye HDMI huanzia 576p na hazikupi i. Hii ya mzee ilikuwa nayo. Kama yako haina na picha bado ina meno, DVD ya nyumbani unaweza kunakili mafaili ya VOB yaliyo kwenye folda ya VIDEO_TS, uyaweke kwenye flashi na kuyachezesha kwenye tivii au kwenye laptopu na VLC.

Usihukumu ukiwa umesimama kidole kwenye kioo. Kwenye inchi 55, ukikaa mita 3, nukta ya picha ya 1080 tayari ni ndogo kuliko jicho la kawaida linavyoweza kuitenganisha. Ya DVD bado inaonekana. Ndiyo maana kwa DVD tofauti ni kubwa, na kwa HD nzuri unaweza kuhangaika bure. Mwombe mtu mwingine abadilishe mpangilio bila kukuambia ni upi. Nilimkalisha mzee na mkewe kwenye viti vyao vya kila siku, nikabadilisha nikiwa nyuma yao. Walipofika kwenye 576i, mama aliinuka.

"Si nilikwambia, Mwalimu? *Mama nipe radhi*. Soma mwenyewe."

Mzee alisoma. Diski haikuwa imeongezewa kitu. Mistari ile ilikuwemo siku zote, na deki ndiyo iliyokuwa inaitupa.

Mambo mawili yalibaki. Watu walikuwa wanene, kwa sababu harusi ilirekodiwa kwa umbo la 4:3 na ilikuwa inavutwa ijaze kioo. Picha ilipofika kama 576, tivii ilikubali kuonyesha 4:3 yenye weusi pembeni. Deki ilipokuwa ikikuza yenyewe, tivii ilikataa kubadili umbo, jambo ambalo tivii nyingi hufanya zikipokea HD. Hiyo nayo ni sababu ya kutokuza mapema. La pili ni midomo: tivii ikifanya kazi zaidi picha inachelewa kidogo, na sauti iliyotangulia kwenye amplifaya inawahi midomo. Kwenye amplifaya kuna mpangilio wa kuchelewesha sauti kwa milisekunde. Tazama mtu anayepiga makofi, ongeza kidogo kidogo mpaka kofi na mlio vikutane.

Picha isiyokuzika

Video zilizopita WhatsApp zimebanwa sana, na kukuza kunakuza vile visanduku vya kubanwa. Mwambie aliyekutumia aitume tena kama faili la hati, isiende kama video, ifike bila kubanwa upya. Hilo linashinda chipu yoyote.

Na kama kanda ya asili ipo, itafute. Nilipomuuliza mzee, mama alikwenda chumbani akarudi na kopo la biskuti, ndani yake kaseti mbili ndogo za MiniDV zenye tarehe ya harusi kwa kalamu ya wino. DVD ilinakiliwa kutoka humo na kubanwa, kwa hiyo kwenye kaseti kuna zaidi. Nimewaelekeza wazipeleke studio yenye kamera inayosoma kanda hizo kwa waya wa FireWire, wadai faili la DV kama lilivyo, 720 kwa 576, mistari ikiwa bado inapokezana. Studio wakijitolea kuikuza hadi 4K kabla ya kuwakabidhi, wakatae. Tivii ya sebuleni itaikuza leo, na ile watakayonunua baada ya miaka kumi itaikuza vizuri zaidi, kama ikikuta faili bado bichi.